Mguu wa Friji

Mama Deki alikuwa mtu wa kufuta. Aliamka anafuta, akalala ameshafuta, na jina lenyewe alipewa na majirani kwa sababu sakafu yake haikuwahi kukauka. Lakini tusidanganyane, mtu hazuki tu na ugonjwa huo. Yeye aliupata kwa mama mkwe wake, Bi Kidole, ambaye kila Jumapili alikuja kuwasalimia wajukuu huku kidole chake cha shahada kikitembea juu ya makabati, kwenye fremu za milango, hadi chini ya meza. Kikitoka na vumbi, anakiinua. Anakitazama, kisha anakutazama wewe.

Katika nyumba hiyo ya kupanga kulikuwa na sehemu mbili ambazo kidole hakijafika. Ya kwanza ni stoo, ambayo ufunguo wake ulipotea. Ya pili ni nyuma ya friji, kwa kuwa mguu wa friji ulivunjika siku lilipokuwa likishushwa kwenye gari, na ukilisogeza litaanguka. Ndivyo Mama Deki alivyosema wiki ya kwanza ya ndoa, siku aliyokuwa amechoka, na mambo ya namna hii ukishayasema huna pa kuyarudisha. Kwa miaka kumi na moja ukoo mzima ukawa unalipita friji taratibu, kama mgonjwa aliyelala.

Jumatatu moja saa sita mchana, Mama Deki yuko uani anaanika mashuka, jikoni kukawaka moto. Zimamoto wakafika upesi, ajabu kweli, wakauzima kabla haujaingia vyumbani. Nusu ya dari ilikuwa chini, pazia limekwisha, kuta nyeusi tii. Nyuma yao akaja baba mwenye nyumba na hukumu yake mkononi: mpangaji ameacha jiko la gesi linawaka. Mama Deki akaapa kwamba alilizima yeye mwenyewe. Akamkumbusha kuwa mara tatu amemlalamikia kwamba ukuta wa jikoni unapiga shoti, na mara zote tatu akajibiwa kwamba ni mikono yake ndiyo haikauki. Mwenye nyumba akasema hayo ataamua mkaguzi. Akikuta chanzo ni waya, matengenezo ni yake. La sivyo, mama afungashe virago kabla mwezi haujaisha.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo mzigo ukamwangukia yeye peke yake. Mkuu wa zimamoto alimwachia amri moja tu: mkaguzi anakuja Alhamisi, hadi hapo usifute, usisogeze, usitupe. Mwambie nani, Mama Deki asifute! Alikaa siku mbili nyumbani kwa mama mkwe, viganja vikimuwasha. Jumatano akaitwa ofisi ya zimamoto kuandikisha maelezo. Akamwachia Bi Kidole ufunguo wa nyumba, akamsisitizia kwamba mtu yeyote asiguse kitu, kuna mkaguzi wa serikali anakuja.

Katika maneno yote hayo, Bi Kidole alisikia moja tu: kuna mgeni anakuja.

Alasiri, Mama Deki akasikia harufu ya chokaa kabla hajafika mlangoni. Mama mkwe na mawifi zake wawili walikuwa wamefanya kazi ya wanaume kumi. Masizi wameyatoa ndoo kwa ndoo, kuta wamezisugua na kuzipaka chokaa, na jiko la gesi lililoungua wamemwita mtu wa vyuma chakavu, akalibeba. Wifi mdogo alionyesha malengelenge ya mikononi.

"Mgeni wa serikali aje akute uchafu kwa mwanangu?" Bi Kidole akauliza. "Nyuso zetu tungeziweka wapi?"

Mama Deki akasema asante. Wewe ungesema nini? Kisha akaenda kujifungia chooni akalia mpaka kope zikavimba.

Alhamisi mkaguzi akaja, bwana mfupi mwenye tochi na faili. Akazunguka jikoni mara mbili, akatoka nje kuhakikisha namba ya nyumba, akarudi kuuliza moto wenyewe uko wapi. Mawifi wakatabasamu, maana walidhani wanasifiwa. Baba mwenye nyumba alizitazama kuta nyeupe kwa mapenzi makubwa. Mkaguzi akaeleza kwamba bila masizi hana namna ya kujua moto ulianzia wapi. Akashika ubavu wa friji, aangalie nyuma yake.

Bi Kidole akamdaka mkono. Akamweleza kwa huruma kabisa kwamba mguu ule ni mbovu, litamponda.

"Hata mkwe wangu huyu hathubutu kuligusa," akasema, "na kwa usafi hana mfano katika ukoo wetu."

Loo! Sentensi hiyo Mama Deki aliisubiri miaka kumi na moja, na siku iliyochagua kuja ndiyo hiyo. Mkaguzi alikwisha kutoa kalamu. Alikuwa anaandika kwamba chanzo hakijulikani, na mwenye nyumba anachungulia begani kwake. Angenyamaza tu, sifa ingebaki yake, na nyumba ingekwenda.

"Lisogezeni," akasema.

"Mwanangu, mguu."

"Mguu hauna kitu, mama. Haujawahi kuwa na kitu."

Friji likateleza bila ubishi. Nyuma yake kulikuwa na vumbi na mafuta yaliyogandamana unene wa blanketi, soksi moja, na kijiko cha seti ya harusi ambacho wifi mdogo alinuniwa mwaka mzima kwa kudhaniwa amekichukua. Katikati ya ukuta ilikuwepo soketi iliyoyeyuka, na masizi yamepanda kutoka hapo hadi juu, yamenasa kwenye mafuta. Mkaguzi akachuchumaa, uso umemchangamka. Akasema moto ulianzia hapo, hakuna ubishi, na lau pangekuwa panafagiliwa asingeona kitu. Ila fomu yake ilitaka kujua uchafu huo ni wa muda gani.

"Kumi na moja," Mama Deki akajibu, macho chini.

"Miezi?"

"Miaka."

Baba mwenye nyumba akatia saini kwa shida, akaahidi fundi umeme baada ya wiki mbili. Mkaguzi akabandika karatasi ukutani: hadi fundi afike, ni marufuku kufuta hapa.

Kwa hiyo friji likabaki pale katikati jikoni, na kwa wiki mbili majirani wakawa wanakuja kutoa pole. Bi Kidole aliweka kiti kando ya ukuta ule, awalinde wasiguse ushahidi. Kila aliyeingia alimwonyesha vumbi lile kwa kidole, bila kugusa, akitaja ile miaka kumi na moja kama mtu anayetaja umri wa mtoto. Mama Deki alipitisha chai na kujibu kwamba tumshukuru Mungu, nyumba tunayo.

Jumapili ya mwisho, wageni walipokwisha kutoka, Bi Kidole akabaki pale kitini. Macho yake yaliondoka ukutani, yakatambaa koridoni polepole hadi kwenye mlango wa mwisho.

"Mwanangu," akauliza kwa upole, "hivi ule ufunguo wa stoo ulipotea kweli?"

Mama Deki akakusanya vikombe, akasema anakwenda kuviosha, na vyote vilikuwa vimeshaoshwa.