Maendelezo ya Kudumu

Emiliana hakuwa na mume, maana Luka alikuwa amekufa. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsemea kwenye kikao cha ukoo, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na miwani, na meno ya mbele yalikuwa yamekwisha. Kwao Kolo, kwa Warangi wa Kondoa, alisoma hadi darasa la nne akaacha, kwa hiyo Kiswahili cha ofisini nacho hakuwa nacho. Alichoachiwa ni shamba nje ya mji wa Dodoma na tembe ambayo udongo wa paa lake ulimdondokea kitandani kila msimu wa mvua. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: kulala chini ya bati.

Mradi wa nguzo kubwa za umeme ulipofika, njia yake ilipangwa kukata katikati ya shamba lile. Afisa wa mradi, kijana aitwaye Wambura, aliwakusanya wenye mashamba.

"Ardhi inabaki yenu," aliwaambia. "Sisi tunachukua haki ya kupitisha nyaya juu yake. Ukanda huo ndio mkuza. Uwele limeni, karanga limeni. Lakini ndani ya mkuza hakuna maendelezo ya kudumu."

Emiliana alinyoosha mkono. "Mwanangu, mimi nina maendeleo gani? Kitenge chenyewe ndicho hiki."

Watu wakacheka. Wambura naye akacheka, akampa kalamu atie sahihi. Kama asingecheka, angesikia kwamba mama yule amesema maendeleo, si maendelezo. Kwa mtu wa ofisini, maendelezo ni nyumba, ukuta, kisima, chochote kinachojengwa juu ya ardhi. Kwa Emiliana, maendeleo yalikuwa shule, zahanati na lami. Chumba cha mjane hakikuwamo.

Mtu mmoja mkutanoni aliisikia tofauti hiyo, akanyamaza. Huyo ni Bartolomayo, mdogo wake Luka, karani mstaafu anayeishi Makole. Baada ya msiba alikuwa ameliomba shamba lile kwa wazee wa ukoo, wakamkatalia.

Mafundi walipoondoka, waliacha ukanda mpana uliosawazishwa na kung'olewa visiki. Kwingine kote shamba lilikuwa mawe na korongo.

"Shemeji, nijenge wapi?" Emiliana alimuuliza Bartolomayo.

"Mrangi wetu bwana! Watu wamekusafishia kiwanja, unataka wakupigie na lipu?"

"Na nyaya je?"

"Shamba ni la nani?"

"Langu."

"Basi. Wale ni wapita njia. Mpita njia atakukataza kujenga kwako?"

Emiliana alielewa upesi, kwa kuwa ndivyo walivyozoea. Baada ya mavuno, ng'ombe wa jirani hupita shambani kwako. Mvua zikikaribia unaziba njia kwa miiba, na hakuna anayekuuliza.

Jioni ile Hilda, mke wa Bartolomayo, alisema, "Si umwambie tu ukweli?"

"Hakuniuliza sheria. Kaniuliza mahali. Wakimvunjia, fidia hapati, na atafunga mizigo arudi kwao Kolo. Au wewe shamba hulitaki?"

Hilda aliendelea kuchambua mlenda. "Nalitaka," akasema.

Emiliana alifyatua tofali kwa mikono yake, akazichoma, akauza mavuno yote akanunua bati. Vyumba viwili vilisimama chini ya nyaya. Mvua ya kwanza iliponyesha, alikaa kitandani mchana kutwa akiisikiliza inavyopiga juu wala isimfikie.

Wiki iliyofuata alikwenda Makole na kuku kwapani.

"Mbukwenyi," alisalimu Kigogo kwa lafudhi yake ya Kondoa, nao wakamcheka kama kawaida yao.

"Nataka uniandikie barua kwa watu wa umeme, shemeji. Waya unanguruma juu ya paa langu, na mimi nawasha kibatari. Hiyo ni haki kweli?"

Bartolomayo alimtazama. Alijua nyaya zile hupeleka umeme mikoa ya mbali, haziwashi taa ya mtu. Kwa miezi alikuwa akitafuta namna ya kumshitaki bila ukoo kujua.

"Si haki hata kidogo," alisema, akivuta karatasi. "Sema, mimi niandike. Maneno yawe yako mwenyewe."

"Andika: Mimi Emiliana, mjane, nimejenga nyumba chini ya nyaya zenu."

"Nyumba ya namna gani? Wasije wakadhani ni kibanda."

"Kibanda? Tofali za kuchoma zile! Andika nyumba ya kudumu."

"Ya kudumu," Bartolomayo alirudia, akapiga mstari chini yake. "Vizuri sana. Na namba ya nguzo?"

Emiliana aliijua kwa kichwa, akaitaja. "Waambie waje haraka, waione wenyewe."

"Watakuja, shemeji. Kwa barua hii watakuja."

Uani Hilda alikuwa ameanza kumnyonyoa kuku.

Emiliana alitia sahihi polepole. Bartolomayo akaikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha na kumsogezea.

"Funga mwenyewe. Barua ni yako."

Akalamba gundi, akabandika, akaikandamiza kwa kiganja huku akimwomba Mungu aibariki. Kisha akaenda posta kwa miguu, akaitumbukiza, akaingiza vidole kwenye tundu la sanduku kuhakikisha imeanguka.