Muhuri wa Mkate

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaonja hata maji, Saveta alijifunga kitambaa cheupe kichwani, akasali, kisha akakanda unga wa mkate wa kanisa, ule wa komunyo ya Jumapili. Kazi hiyo hapewi mtu hivi hivi. Katika vijiji vyetu vya milimani, kaskazini ya Romania, hukabidhiwa mjane mwenye mwenendo safi, asiye na kinyongo na mtu wala umbea. Na kwa kuwa hilo la umbea peke yake lingewaondoa wajane wote wa kijijini, paroko wa zamani alifumba jicho moja akamchagua Saveta.

Alikuwa na muhuri wa mti wa mpea, wenye msalaba, wa kugonga juu ya kila mkate kabla haujaingia tanuruni. Aliuhifadhi juu ya rafu, ndani ya taulo iliyotariziwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Wakati wa kukanda hakuongea na mtu. Simu ikilia aliiacha ilie mpaka ichoke. Hata mwanawe Ciprian, aliyekulia chini ya meza ile ile akichezea mabaki ya unga, alijua kwamba Jumamosi asubuhi mama yake hayupo duniani.

Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa pili mikono ya Saveta ilikuwa kwenye unga na roho yake ilikuwa kwingine. Jumatatu alitakiwa mahakamani mjini, kutoa ushahidi katika kesi ya Ciprian na mkewe Petronela. Walikuwa wanaachana, na wote wawili walimtaka mtoto wao, Ilinca, ambaye alikuwa hajaanza shule.

Ciprian alikuwa fundi wa ujenzi Italia. Huko alimpata mwanamke mwingine, mpole kwa habari zilizofika, na sasa alitaka Ilinca akaishi nao. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, Saveta angelala usingizi wake vizuri. Alimpenda mtoto, na hoja yake ilikuwa moja tu: kwamba Petronela aliwahi kumfungia Ilinca ndani peke yake, nyumba nusura iungue.

Na ilikuwa kweli. Majira ya baridi yaliyopita, Ilinca alishikwa na homa. Petronela alimfunika blanketi, akafunga mlango, akaenda kwa miguu kwenye theluji kutafuta dawa. Kaa likadondoka kutoka kwenye jiko, zulia likashika moto. Saveta, ambaye nyumba yake inatazamana na ile, ndiye aliyeona moshi. Alivunja dirisha kwa chuma cha kuchochea makaa, akamtoa mtoto anakohoa lakini mzima. Siku ile ile alimpigia Ciprian akamweleza yote, na maneno aliyomwita Petronela hayafai kurudiwa.

Kitu kimoja hakumweleza. Hakumwambia kwa nini Petronela hakuvuka ua na kumwomba akae na mtoto. Wiki chache kabla ya moto, mbele ya wanawake waliokuwa wakisafisha kanisa, Saveta alikuwa amesema kwa sauti kubwa kwamba mwanamke anayejua kutunza nyumba hakimbiwi na mume. Petronela aliweka ndoo chini akatoka. Tangu hapo hawakuongea. Msichana wa watu aliona heri aikabili theluji kuliko kugonga mlango ule.

Tangu moto, wawili hao walikuwa wamepatana taratibu, bila kuombana radhi, kama wafanyavyo watu wa kwetu: huyu akipeleka supu, yule akirudisha bakuli lina mayai. Sasa Ilinca alishinda kwa bibi yake akipewa mabonge ya unga atengeneze ndege.

Ciprian alipofika kwa ajili ya kesi alikula kwa mama yake, ugali wa mahindi na jibini, mpaka akafungua mkanda. Kisha akasema, "Mama, sikuombi unipendelee. Sema tu yale uliyoniambia."

"Nitasema ukweli," Saveta akajibu, na wakati ule aliamini hivyo.

Mahakamani aliweka mkono juu ya msalaba akaapa kwamba atasema kweli na hataficha lolote alijualo, Mungu amsaidie. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye mafua, kila mara leso puani. Saveta alikuwa amejipanga kusimulia yote kuanzia mwanzo, na ndoo, na maneno yake machafu, na theluji. Lakini wakili wa Ciprian hakuwa na nafasi ya ndoo.

"Bibi, jibu kwa kifupi. Petronela aliwahi kumwacha mtoto ndani peke yake, ndiyo au siyo?"

Saveta alimtazama Petronela. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono mirefu imefunika vidole, na alikuwa ameinamisha kichwa akingoja. Saveta alijua "ndiyo" yake ingefanya kazi gani. Ingetoka mdomoni peke yake, bila theluji wala ndoo, na jioni Ilinca angekuwa na mkoba mgongoni.

"Siyo," akasema.

Ciprian aliinua uso.

"Siku ya moto mimi ndiye niliyekuwa ndani na mtoto," Saveta aliendelea, na sauti yake haikutikisika. "Mama yake aliniachia akaenda kutafuta dawa. Nikasinzia. Kaa likadondoka. Niliona aibu, nikampigia mwanangu nikamsingizia mkwe."

Hakimu alipenga kamasi, akaandika. Hukumu ilipotoka, Ilinca alibaki kwa mama yake, na baba akapewa miezi ya kiangazi.

Kwenye korido Ciprian alimsubiri. Hakufoka. Angefoka, ingekuwa nafuu.

"Mama, siku gani ulinidanganya? Ile ya simu, au leo?"

Saveta alimnyooshea kola ya koti. Alimwambia asije akachelewa basi.

"Ukiniambia nitakuamini," Ciprian akasema. Alisubiri kidogo, kisha akaondoka.

Jumamosi iliyofuata Saveta alijifunga kitambaa, akasali, akamimina unga bakulini. Mikono ikakataa. Alisimama pale mpaka maji ya uvuguvugu yakapoa, kisha akauchukua muhuri na taulo yake akaenda kwa padri.

Padri Toader alikuwa kijana, na hadi siku ile alimwogopa Saveta kuliko alivyomwogopa askofu. Alisikiliza yote akiwa amekodoa macho. Akamwambia kwamba kiapo cha uongo ni dhambi nzito, lakini hakuna dhambi isiyo na toba. Atubu, aende akakande.

"Hapo ndipo nilipokwama, Padri. Ili nitubu lazima nijute. Nimejaribu wiki nzima, nimepiga magoti mpaka yamevimba, sijuti. Wakiniita kesho nitasema vile vile. Sasa nije kumwambia Mungu nasikitika? Hiyo si itakuwa mara ya pili naapa uongo?"

Padri akauliza kwa upole kama hakuna hata kipande kimoja cha jambo lile kinachomuuma.

Machozi yakamtoka Saveta, yeye ambaye hata mazikoni alikuwa mtu wa kutuliza wengine. "Mwanangu," akasema. "Aliniuliza, nikamnyooshea kola."

"Basi anzia hapo. Mkate uache kwa sasa." Padri aliutazama muhuri kana kwamba ungemng'ata. "Lakini nani atakanda?"

"Petronela."

"Bibi Saveta, si mjane. Na anaachana na mume. Kijiji kitasema."

"Kikisema nitakijibu mimi. Nimeacha kukanda, sijaacha mdomo."

Petronela alipopelekewa muhuri alirudi nyuma hatua. Alisema hastahili, kwamba naye alikaa pale mahakamani akanyamaza.

"Nilikuwa nimejiandaa, mama," akasema. "Nilikuwa niinuke nikiri mwenyewe, mbele ya hakimu, liwe liwalo. Ukanitangulia. Baada ya hapo ningekiri vipi, wakufunge?"

Saveta hakuwa amelifikiria hilo. Alikaa kitini taratibu. Pengine ukweli wote, ukisemwa na Petronela mwenyewe, ungemgusa yule hakimu mwenye mafua. Pengine usingemgusa. Hilo halitajulikana tena, na yeye ndiye aliyeufunga mlango huo.

"Unajuta?" akamuuliza.

"Kila siku. Nikimwona mtoto anakohoa tu, najuta."

"Umeungama?"

"Zamani. Wiki ile ile ya moto."

"Basi wewe ni msafi kunishinda. Nawa mikono."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi ile, jikoni kwa Saveta, Petronela alikanda, na Ilinca akiwa juu ya kigoda alikanda upande wake, unga umemfika kwenye nyusi. Saveta alikaa pembeni, mikono mapajani, akiwaamrisha kama sajini. Maji yamezidi. Usiupapase kama paka, ukande. Ilinca alipouliza kwa nini yeye hagusi, alijibu kwamba mikono yake inapumzika.

Simu ikalia. Alikuwa Ciprian. Tangu Ilinca aanze kushinda pale, baba yake alipopiga Jumamosi asubuhi ni yeye aliyekuwa akipokea, lakini leo vidole vyake vilikuwa vimejaa unga. Saveta akapokea.

"Wewe, mama?" Ciprian alishtuka. Nyuma yake, kule Italia, kulikuwa na mngurumo wa mashine ya zege. "Hukandi?"

"Sikandi tena."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeacha tangu siku ile ya mahakamani."

Mngurumo uliendelea. Mtoto aliyekulia chini ya meza ile hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Kwa hiyo ile siku ya simu..."

"Ile siku ya simu nilikuambia kweli, mwanangu. Ila sikukuambia kwa nini hakuniita mimi." Akamwambia, mbele ya Petronela, maneno aliyoyasema kanisani, yote, bila kuyapaka sukari. "Mahakamani ndiko nilikosema uongo. Nilikuonea. Ukitaka kurudi kwa hakimu, rudi. Nikiitwa tena sitakukana."

Petronela alikuwa amesimama, mikono ndani ya unga, uso umempauka. Ilinca peke yake ndiye aliyekuwa akiimba.

"Ni nani anayeimba?" Ciprian akauliza hatimaye.

"Ni yeye."

"Mpe simu."

Saveta alimwekea mtoto simu sikioni akaishikilia, kwa sababu Ilinca alikuwa ameushika muhuri kwa mikono miwili na hakutaka kuuachia. Kuhusu hakimu Ciprian hakusema neno, siku ile wala siku yoyote baadaye. Aliuliza binti yake anafanya nini.

"Nataka kugonga mkate, baba."

"Weka katikati," baba yake akamwambia, na Saveta, aliyekuwa ameinama karibu, alisikia kila neno. "Bonyeza kwa nguvu, kisha uinue polepole. Bibi hapendi msalaba ukienda upande."