Betri za Dagaa

Simu ya mama Anésie ililia mara tisa mfululizo mkononi mwangu, nami nikacheka. "Leo umekumbukwa, mama!" Mungu anisamehe kicheko kile.

Mwamgongo hatukuwa na mtandao. Milima imetubana ziwani. Tukachangishana, tukasimamisha mnara wetu wenyewe, na mimi Rozalia nikakabidhiwa ufunguo. Kwa bei ya fungu la dagaa unaongea wiki nzima. Ila tulikubaliana jambo moja: zikifika siku za giza, mwezi usipoonekana, sola yote ichaji betri za taa za wavuvi, intaneti ilale. Dagaa ndio waliotulisha, na mume wangu Feliksi alikuwa na taa nne.

Mama Anésie, na hilo ni jina lake mwenyewe, alivuka kutoka Burundi mwaka 2015. Yeye alibaki kwetu, binti yake Arakaza akapelekwa kambini, upande wa Kasulu. Baadaye binti akataka kurudi kwao Burundi, mama akakataa katakata, wakagombana vibaya. Mwezi mmoja, siku ya tatu ya giza, mama akanijia.

"Mwana wanje, mwanangu, niwashie saa moja tu. Moyo wangu hautulii."

"Mama, sheria ni sheria. Nikikuwashia wewe, kesho nitamkatalia nani?"

Nilijiona mtu wa haki. Kumbe roho yangu ilikuwa kwenye taa za Feliksi. Siku ya sita alirudi, nikamjibu vilevile, tena bila kumtazama.

Giza lilipokwisha, Jumanne, niliwasha. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo zile jumbe tisa za sauti zilizoingia kwa mpigo, kutoka kwa Arakaza, nilimfungulia mimi. Kirundi na Kiha chetu ni ndugu. Nilielewa kila neno.

"Mama, jina langu limesomwa kwenye orodha ya wanaorudi. Lori linaondoka Jumamosi. Ukisema nibaki, nabaki."

Kisha, "Mama, upo?" Na tena, "Mama?"

Ya tisa, ya Jumamosi ile, ilikuwa na honi ya lori nyuma yake. "Basi, nimeelewa. Bado umenikasirikia. Ubaki na Mungu, mama."

Mama hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliomba nimwonyeshe pa kubonyeza, akaisogeza simu mdomoni. "Baki, mwanangu. Sijakasirika. Nakuja."

Ikatokea tiki moja.

Sasa ni mwaka wa sita. Kila giza likiisha ananiletea ile simu nimwangalizie. Namwambia bado, mama, tiki ni moja. Naye ananijibu, "Asante, mwana wanje," anaifunga simu kwenye pindo la kitenge, anaondoka.