Namba za Wade

Kiharusi kilimpata Wade Lindqvist mwezi wa Februari, akiwatupia ng'ombe nyasi kavu. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, maneno nayo yakarudi. Namba ndizo hazikurudi. Ukimpa saba na tisa azijumlishe, zilimponyoka akabaki anakutazama.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuzoeleka. Lakini Wade alikuwa mlengaji wa masafa marefu, anayejulikana katikati yote ya jimbo la Montana, Marekani, kwa kugonga mabamba ya chuma ambayo wengine hata kuyaona hawayaoni. Risasi ikienda mbali hivyo hushuka, na upepo huisukuma kando, kwa hiyo mlengaji hupiga hesabu kwanza, akazungusha kifundo cha kurekebisha darubini iliyo juu ya bunduki, ndipo afyatue. Miaka yote Wade alizipiga hesabu hizo kichwani, huku anatafuna tumbaku.

Mwezi wa Mei mkewe, Irma, alimkuta nyuma ya ghala amelala kifudifudi, bunduki mbele yake, hajafyatua hata risasi moja.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Sijui. Naitafuta ile namba ya kuzungusha. Ilikuwa humu kichwani."

Jumapili ile, walipotoka kanisani, Irma aliweka kwenye simu yake programu ya kupiga hesabu za risasi, akajaza kila ilichouliza: uzito wa risasi, kasi yake, mwinuko wa mahali, joto la hewa. Akaisogeza mezani, karibu na sahani ya mumewe.

"Ukiiambia umbali, inakwambia uzungushe kiasi gani."

Wade aliitupia jicho. "Hiyo simu haijawahi kuua hata panya."

"Na wewe tangu Februari umeua nini?"

Wade aliguna, akaendelea na viazi vyake. Lakini kabla ya wiki kwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyewasha gari, akamngoja mkewe mlangoni.

Walikwenda bondeni, ambako Wade alikuwa ametundika bamba umbali wa yadi elfu moja. Irma akasoma namba, Wade akazungusha kifundo polepole, akafyatua. Vumbi likatimka chini ya bamba. Akafyatua tena. Vumbi likatimka pale pale.

"Haya, umeona mwenyewe," alisema Wade, akaanza kujiinua.

"Tulia kwanza. Zote mbili zimepiga mahali pamoja, kwa hiyo mkono wako hauna kosa. Nimeidanganya simu mimi, sijui wapi."

Wade alibaki ameegemea kiwiko. "Kasi umeitoa wapi?"

"Kwenye boksi la risasi."

"Boksi linaijulia wapi bunduki yangu? Mtutu huu niliukata, Irma. Mtutu ukiwa mfupi, risasi inatoka taratibu zaidi."

Alilisema hilo bila kulitafuta kichwani. Irma akainamisha uso kwenye simu ili Wade asione machozi yake. Programu ilikuwa na mahali pa kuieleza risasi imeangukia wapi hasa, ili nayo irekebishe kasi. Wade akapima vumbi lilipotimkia kwa mistari iliyo ndani ya darubini, akaihesabu kwa vidole, mmoja mmoja. Irma akaandika, akamsomea namba mpya.

Safari hii hapakutimka vumbi. Kitambo kidogo baadaye sauti ya chuma ikawafikia, nyembamba, kama kijiko kilichogonga kikombe.

"Tena," alisema Wade.

Agosti walikwenda kwenye mashindano. Royce Haugen, aliyekuwa akishindwa na Wade mwaka hadi mwaka, aliwaona wamelala bega kwa bega, Irma na simu mkononi.

"Wade, siku hizi mkeo ndiye anakushikia akili?"

"Ndiye. Yako nani anakushikia?"

Watu wakacheka, Royce mwenyewe akiwemo, akawaletea kahawa.

Bamba la mwisho lilikuwa ng'ambo ya korongo. Simu ilijua risasi itashuka kiasi gani, lakini upepo wa kule mbele haikuweza kuuona. Wade alizitazama nyasi zilivyolala kule juu.

"Iambie simu upepo wa kule ni mara mbili ya huu wetu."

"Una hakika?"

"Sina. Iambie tu."

Risasi ya kwanza ilipita kushoto. Wade akavuta pumzi, akasogeza kidogo, ya pili ikagonga. Alimaliza katikati ya orodha, mahali ambapo hakuwahi kuwa tangu ujana, akapeana mikono na kila mtu kama aliyeshinda.

Asubuhi iliyofuata, kule bondeni, alimwambia Irma alale yeye nyuma ya bunduki.

"Na simu?"

"Nipe mimi."

Irma akalala, akaweka shavu lake kwenye kitako cha bunduki, akangoja. Wade alikuwa amechuchumaa kando yake, miwani kwenye ncha ya pua. Akaanza kusoma, akakosea, akaisogeza simu karibu na macho. Irma hakugeuka wala kumsaidia. Ng'ombe walikuwa wakinywa maji upande wa pili wa uzio.

"Nane," alisema Wade. Kisha, baada ya muda: "Nukta nne. Nane nukta nne."

Irma akazungusha kifundo.