Ng'ombe wa Sebuleni

Mzungu alipoondoka, alituachia nyumba yake mtaani Himbi, na ndani yake akatuachia mzoga. Ulikuwa ukutani, sebuleni: picha kubwa ya rangi za mafuta, ya Ulaya ya kale. Ng'ombe mwekundu amekufa, ulimi nje, mbwa anamnusa, na pembeni fuvu la mtu na mshumaa uliozimika. Mume wangu Anastase (jina hilo la Kizungu serikali ililifuta, mimi sikulifuta) aliipenda kuliko abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai. Mimi nilikula nikiipa mgongo.

Julien, mwanangu, alikuwa amekonda kwa ajili ya Mukashyaka, binti wa Mzee Nsabimana wa Masisi. Mzee alishatuma neno: "Sitatoa mutoto wangu kwa batu benye habajue ngombe." Na Anastase alijua maziwa ya kopo tu! Siku Mzee alipokuja kukagua nyumba, nilimsihi mume wangu.

"Toa hiyo muzoga kwanza."

"Tableau kama hii? Muzee ataona tuko batu ba maana."

Mzee akaingia, akaiona. Kwao, kama kwetu, anayetundikwa sebuleni ni marehemu wa nyumba. Akavua kofia.

"Jina yake ilikuwa nani?"

Anastase akafungua mdomo. Namjua, angetuharibia. Nikamwahi, nikaitazama picha kwa mara ya kwanza, na jina likatoka lenyewe.

"Gaju."

Gaju alikuwa ng'ombe wa baba yangu, kule Rutshuru. Aliugua akafa nikiwa msichana, amelala vilevile, ulimi nje. Watu walikuja kumpa baba pole. Mimi niliyemfukuzia Gaju nzi kila jioni hakuna aliyenitazama. Basi nikalia mbele ya mgeni, machozi na kamasi, bila aibu.

"Pole, mama," Mzee akasema. "Ngombe ya vile haisahaulike." Akamgeukia Anastase. "Mukashyaka atakuja hapa."

Baada ya harusi akatuletea mtamba mwekundu, kunifuta machozi, kama desturi inavyotaka kwa aliyefiwa na ng'ombe. Yuko bustanini, anakula maua ya mzungu.

Jana Anastase alipanda kiti, nyundo mkononi.

"Mama Julien, ulisema kweli. Hii picha inaleta huzuni. Niitoe?"

"Iguse," nikamwambia, "uone nani atatundikwa hapo."