Moteri ya Marehemu Sumaili

Sumaili alipofariki aliacha mjane, mwana mmoja wa kiume, na pikapu ya silinda nne iliyosimama juu ya mawe uani kwake, Kasongo. Chasi ilikuwa imekatwa na mashimo ya njia ya Kabambare, na mabati yameliwa na kutu. Moteri, yaani injini, peke yake ndiyo iliyobaki nzima. Sumaili aliifungua na kuifunga mwenyewe palepale uani, akatandaza vyuma vyake juu ya turubai, wala hakumruhusu mtu mwingine kuigusa isipokuwa jirani yake Zéphirin.

Kabla ya kukata roho alimwambia mkewe, Hawa, kwamba moteri hiyo apewe Zéphirin. Gari la Zéphirin lilikuwa limepasuka bloku, na ndilo lililokuwa likiwapeleka wajawazito wa mtaa hospitalini.

Fadhili, mwana wa marehemu, hakulikubali neno hilo. Alisema chasi itachomelewa, naye ataketi kwenye usukani alipoketi baba yake, watu wa kule Nyangwe wamwone akipita. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akarudia neno la marehemu bila kulipunguza.

Mafundi wa mtaa ule walikuwa na desturi yao: moteri haitolewi garini kabla ya kuwashwa mbele ya mwenyewe, ili kesho asitokee mtu wa kusema alipewa maiti. Ikisikika mbovu, mpokeaji huiacha, na maneno huishia hapo. Mwenyewe sasa alikuwa Hawa, naye alikuwa katika eda, hatoki mbele ya wanaume. Wakakubaliana asikilize akiwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha.

Asubuhi hiyo, Zéphirin hajafika, Fadhili alifungua boneti akabadilisha nyaya mbili za buji, zile zinazopeleka cheche kwenye silinda. Waya wa silinda ya pili akauchomeka kwenye ya tatu, na wa tatu kwenye ya pili. Alijiambia kwamba analinda mali ya baba.

Zéphirin alikuja na mkewe Victorine, begani amebeba palan, mnyororo wa kunyanyulia moteri. Victorine alimtania Fadhili kwamba amenuna kama bibi harusi aliyeletewa mbuzi kilema. Fadhili hakucheka. Akawasha.

Moteri ilitikisika, ikapiga mshindo katika bomba la moshi, ikaendelea kwa kuchechemea. Zéphirin aliinamisha kichwa. Alisema kwamba kama Mungu amependa hivyo, basi, atatafuta kwingine, na akaanza kuukunja mnyororo.

"Papa Zéphirin, ungoje kwanza," Hawa alisema nyuma ya pazia. "Fadhili, zima."

Akazima.

"Miaka yote nilikuwa nalala nangojea sauti ya hii moteri itoke njia ya Nyangwe. Ndiyo ilikuwa inaniambia kama baba yako iko muzima. Hii siyo sauti yake. Kuna mutu ameigusa."

Fadhili alisema labda petroli ni chafu.

"Niko katika eda ya baba yako," mama alisema. "Siwezi kutoka nikutazame machoni. Usinilazimishe nitoke."

Fadhili alishuka garini. Kisha akainua boneti, mbele ya watu, akazirudisha nyaya mahali pake. Zéphirin aliiona mikono yake, akageuza macho upande wa ukuta, kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga.

Mara hii moteri ikanguruma sawasawa. Hakuna aliyethubutu kuizima. Victorine alikwenda kuketi chini ya dirisha, kwa maana nyuma ya pazia kulisikika kilio cha chinichini. Kilipotulia, Hawa akasema, "Izimeni. Itoeni."

Walisimamisha magogo matatu, wakafunga palan juu, Zéphirin akafungua bolti. Alipomaliza alimnyooshea Fadhili mnyororo. Fadhili akavuta. Moteri ilipoachana na vyuma ilivyokalia, pua ya pikapu ikainuka yenyewe, springi zikilia, kwa kukosa uzito ziliozoea kubeba. Fadhili akaitazama, mnyororo umemkaza viganjani.

Akaendelea kuvuta.