Bwana Niandikie

Wateja wote wa mfasiri walilijua sharti lake: kwake hakuna simu. Lilikaa chini ya kila barua pepe aliyotuma, kwa herufi nzito: "Sipokei simu. Tafadhali niandikie." Aliyekaidi akapiga, simu yenyewe ilimrudishia ujumbe wenye maneno hayohayo. Sababu za kuwapa watu hazikumpungukia. Kazi ya kufasiri inataka utulivu, maelekezo ya mdomo husahaulika, na mteja akishasema jambo leo, kesho anaapa hakulisema. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yenyewe. Mfasiri alikuwa na kigugumizi.

Wala si kile kigugumizi kidogo ambacho watu hukizoea. Hiki kilimkaba koo mpaka macho yakamtoka. Dukani alinyoosha kidole. Kwa kinyozi alionyesha picha. Lakini kwenye maandishi, nani angemshika? Humo alikuwa mtani, mjuaji, mtu wa maneno yake.

Aliyemjua hivyo kuliko wote ni mhariri wa shirika moja la kuchapisha vijitabu vya afya. Walifanya kazi miaka sita bila kuonana, wakisemezana pembeni mwa kurasa, kwenye visanduku vya maoni. Mhariri angeandika, "Hapa unasema mama mjamzito apumzike mchana. Na hao watoto wanne apumzike nao wapi?" Yeye angejibu, "Mimi nafasiri tu, dunia sikuiumba." Kabla kijitabu hakijaenda kwa mchapaji, maoni yote yalifutwa, ndivyo kazi inavyotaka. Mfasiri aliyanakili kwanza kwenye faili lake, na hakumwambia mtu. Mhariri ndiye aliyempachika jina la Bwana Niandikie. Siku moja aliandika, "Hivi hutanipigia hata mara moja nisikie sauti yako?" Mfasiri akaleta utani, kisha akashinda kutwa hana raha. Tuseme ukweli: alimpenda yule mwanamke, tena sana.

Jumatatu moja simu iliita mara nne kabla ya saa sita. Ilikuwa namba ya mhariri. Mfasiri aliitazama ikiita, mikono magotini, mpaka ikanyamaza, na kila mara ikampelekea mhariri ule ujumbe wa kuandikiwa. Akafungua barua pepe kungoja maelezo. Hayakuja siku hiyo, wala wiki hiyo.

Wiki ya pili kazi ililetwa na mhariri mpya. Aliandika kwa adabu za ofisini kwamba mwenzake amelazwa, ugonjwa umekwenda mbio, na mikono yake haiwezi tena kubonyeza herufi. "Alisema atakupigia mwenyewe akuage. Natumaini mlizungumza."

Bwana Niandikie aliisoma mara tatu. Akafunga mlango, akaandika kwenye karatasi: "Ni mimi. Nisamehe sikupokea. Nakupenda." Akayasoma kwa sauti, yakatoka yote bila kukwama, maana kigugumizi chake kilijua kuchagua mahali pa kumwaibisha. Akapiga moyo konde, akapiga na simu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti nyingine ya kike. "Huyu ni mdogo wake. Naongea na nani?"

"N-n-n..."

"Haloo? Sikusikii, unakatakata."

"Ni... n-n..."

"Mtandao mbaya huo, kaka. Jaribu tena baadaye."

Alijaribu palepale. Yule mdogo wa mhariri akasema haloo tatu, akakata. Mfasiri akakaa kitandani, shati limelowa mgongoni. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi yake tu angeweza kulifanya. Alijiambia: kwani shida iko wapi? Nitaandika, mdogo wake amsomee.

Alianza saa ile ile. Kufika jioni alikuwa na kurasa mbili. Kesho yake aliifumua barua yote. "Nakupenda" aliitoa mwanzo akaipeleka mwisho, akaona inachelewa, akairudisha mwanzo. Neno moja alilibadilisha mara saba. Siku ya tatu asubuhi, alipoona hakuna tena pa kugusa, alimwomba mhariri mpya barua pepe ya yule mdogo mtu, akamtumia barua. Hata chai aliinywa kwa furaha, maskini.

Jibu lilikuja baada ya saa moja.

"Kaka, barua nimeipata, lakini dada ametutoka leo alfajiri. Naomba unisamehe. Ulipopiga siku ile, nilimwambia kuna mtu mtandao wake unakatakata. Akaniuliza unakatika vipi, nikamwigizia. Akasema huo si mtandao, huyo ni yule wangu wa kuandikiwa, baba alikuwa anaongea hivyohivyo. Baba alifariki mimi mchanga, simkumbuki. Akaniambia ukipiga tena nisikate, nimwekee simu sikioni, atakusubiri hata saa nzima. Nikataka nikupigie mimi, akanikatalia. Alisema wewe hupendi kupigiwa, utapiga mwenyewe ukiwa tayari. Siku hizi mbili simu ilikuwa juu ya mto wake."

Mfasiri alisoma mpaka mwisho, na moyo wake ukavunjika, hakuna namna nyingine ya kulisema. Siku zile mbili alizokuwa akihamisha neno huku na kule, mtu alikuwa amelala akingoja neno lolote, hata lililovunjika vipande.

Hakumjibu kwa maandishi. Alipiga.

"Naam, kaka," alisema yule mdogo mtu.

Mfasiri alitaka kusema pole. Neno lenyewe fupi, mtoto wa miaka miwili analisema. Likamgomea kooni, machozi yakatangulia, akasikia pumzi yake mwenyewe ikipanda na kushuka kwenye simu. Safari hii hakuna aliyesema haloo. Yule mdogo mtu alisubiri, naye akilia taratibu upande wake, hata ikapita dakika nzima.

"P-p-pole," alisema mwishowe.

"Asante, kaka. Tunazika kesho saa nane. Uje."